Mama Hahamii Kwenye Baridi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

"Mwili ni mwili tu, mama, utazoea baridi kama nilivyozoea mimi." Ndivyo ulivyomwambia mama kwenye simu ulipomwita ahamie huko kwenu ughaibuni, nami nipo palepale namkanda miguu. Nitakujibu. Kwanza, hujambo? Shemeji mgongo umepata nafuu? Watoto wazima? Sisi tupo. Kifua kinanisumbua, ingawa hukuuliza.

Tangu siku ile mama anafanya mazoezi. Anavaa lile koti ulilomtumia, anakwenda kwa muuza nyama mtaani kwetu, anaomba kukaa ndani ya chumba cha baridi, katikati ya mapaja ya ng'ombe. Wateja wanamtania: "Bibi, wewe kilo bei gani?" Anacheka nao. Juzi muuza nyama mwenyewe akaniita: "Dada, njoo umchukue, midomo imebadilika rangi." Nikamkuta wala hatetemeki. "Unaona?" akaniambia. "Nimeshazoea."

Hajazoea kitu! Baridi ikikushika wewe, mishipa ya ngozi hubana ili joto libaki ndani, na misuli hutetemeka ili kulizalisha. Kwa mtu wa umri wake mishipa huchelewa kubana, misuli imepungua, na anaweza kupoa bila kuhisi. Huko kutotetemeka ndiko kulikonitisha. Na wewe usijisifu: kilichobadilika zaidi kwako ni tabia. Unavaa nguo juu ya nguo, nyumba yenu inapashwa joto, ukitoka nje unakimbia.

Utasema nina wivu. Ninao, tena mwingi. Mimi namwogesha, mimi nagombana naye kuhusu dawa. Wewe ukipiga simu anavaa hereni kwanza. Shuka nililomnunulia liko kabatini kwenye mfuko wake. Koti lako analala nalo.

Nisalimie wanao, hasa huyo kifungua mimba mwenye sura ya mama. Mungu awafunike nyote.

Sasa nisikilizeni, wewe na mumeo. Mpigie mama kesho umwambie mwenyewe kwamba safari haipo. Nikisema mimi, anasema nakuonea kijicho. Kisha fungeni mizigo mje nyinyi. Mwili wenye afya huanza kuzoea joto ndani ya wiki mbili hivi. Kaeni naye hapa, siku baada ya siku, mpaka aanze kukugombeza na wewe.

Akupendaye hata akiwa amenuna,
Dada yako