Mchezo Ambao Pilipili Hakutaka Kuuachia

Chumba cha Walimu,
Idara ya Maigizo, ghorofa ya pili.
Alhamisi, baada ya vipindi vya mchana.

Mpendwa kaka,

Habari za siku nyingi? Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na wifi anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, anatembea mpaka barazani, na kila siku anauliza kwa nini nyumba imepoa.

Nyumba imepoa kwa sababu ya mwanao. Pilipili nami tunakula meza moja, kila mtu na sahani yake, na akitaka chumvi anamwomba bibi yake. Najua ameshakueleza upande wake. Sasa sikiliza na wangu, maana umechukua hatua bila kuniuliza, na kwa hilo nimekukasirikia sana. Ningekupigia simu tungegombana, ndiyo maana naandika.

Unajua darasa langu linavyokwenda. Tangu nianze kufundisha uongozaji, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandaa mchezo wake na waigizaji wake, na onyesho likikaribia nawafanya wabadilishane. Huyu anauchukua mchezo wa yule na kuumalizia kwa jicho lake. Wananuna, wananisema koridoni, wengine wanalia. Lakini mwongozaji asiyejua kuachia atawabana waigizaji mpaka wakose pumzi, na hao nimeshawaona wengi.

Safari hii kura ilimpa Pilipili kijana mmoja tunayemwita Taratibu, kwa kuwa hata kufungua mlango anafikiria kwanza. Pilipili akakataa katakata. Jumatatu alijifungia na waigizaji wake kwenye ukumbi wa mazoezi, akakaza mlango kwa kiti. Taratibu alibaki nje na chupa yake ya maji, ananitazama mimi. Nilibisha hodi kwenye darasa langu mwenyewe, kaka, na ndani walikuwa wananisikia. Aibu niliyoipata sijawahi kuipata katika kazi hii.

Alipofungua nilimwambia asipomkabidhi Taratibu mchezo hana alama. Alinijibu mbele ya wote, kwa sauti ya chini.

"Shangazi, baba anakuja mwisho wa mwezi. Hajawahi kuona kitu nilichokifanya mwenyewe."

Nikamwambia darasani sina mpwa. Ndipo akanichoma.

"Na wewe je? Nani amewahi kugusa tafsiri zako?"

Mchezo wenyewe anaouongoza ni tafsiri yangu, na siku chache kabla nilikuwa nimemfokea mwigizaji wake kwa kubadilisha neno moja. Nikaondoka.

Kesho yake mkuu wa chuo akaniita. Ulimpigia simu, kaka. Kwa kuwa mlisoma pamoja, ukadhani unasaidia. Alinieleza maneno yako huku anatabasamu, akasema binti amalizie mchezo wake, kisha akaongeza kwamba mkataba wangu wa mwaka ujao bado hajautia sahihi. Kwa umri wangu huu, nani mwingine ataniajiri nifundishe uongozaji? Nikamwambia nitafikiri. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi, na sikufichi, nilitaka kukubali.

Ila swali la mwanao lilikuwa linanikereketa. Jana asubuhi nilikwenda darasani na tafsiri yangu mpya, ile niliyohangaika nayo tangu mwaka jana, imebaki onyesho la mwisho. Nikaiweka mbele ya Pilipili pamoja na penseli. Nikamwambia aimalizie yeye, na popote panapomkwaruza arekebishe, sitamsimamia. Habari za simu yako na mkataba sikumgusia.

Alisoma kurasa za mwanzo akiwa amesimama. Akafuta neno langu moja, nami nikashika ukingo wa meza. Kisha akafungua mkoba, akatoa skripti yake iliyojaa michoro ya rangi, akampa Taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nimeshamjibu mkuu kwamba utaratibu wangu unabaki palepale. Hajanena, na tangu asubuhi mlango wake umefungwa. Kila nikisikia viatu koridoni naweka kalamu chini. Tafadhali usimpigie tena. Kazi hii nikiikosa, acha niikose mwenyewe.

Leo nimechungulia mazoezi. Taratibu ameshaanza kupangua. Baba wa kwenye mchezo, ambaye Pilipili alimfanya aondoke bila kugeuka, sasa anafika mlangoni na kusita. Sijui mwanao atasemaje akiona. Yeye amepewa kichekesho cha Taratibu, cha fundi cherehani na wateja wake, na Mungu anajua hana hamu ya kuchekesha mtu wiki hii.

Basi hicho ndicho utakachokiona mwisho wa mwezi. Mchezo aliouanza hatauongoza, na atakaouongoza hakuuanza. Anaogopa kukwambia kwa simu. Leo ndiyo amenisemesha kwa mara ya kwanza, akaniomba nikuulize kama bado utakuja.

Nisalimie wifi, na uwape rafiki yako Kidevu na mkewe pole ya msiba wa jirani yao. Mama anasema ukija ulete miwani yake uliyoondoka nayo. Mungu akupe afya, akufungulie njia na akufikishe.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mdogo wako.