Kengele Inayomngoja Kahaso

Mwaka umetimia, Mwalimu Muthoka, tangu asubuhi ile ya mvua ulipopanda bodaboda hapa Ukunda kwenda Kombani kumtafuta mwanafunzi mmoja, usirudi.

Shule yako ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la magodoro. Uwanja haukuwapo, watoto walifanyia maigizo yao juu ya paa, na maabara ilikuwa meza moja ndefu. Wazazi walipouliza shule ndogo namna hii ina nini, ulicheka ukawaambia, "Hapa hapotei mtu." Wala hukuwa ukipamba maneno. Ulijua nani haoni ubao vizuri na nani ametoka kwao bila kutia kitu kinywani. Kengele ya asubuhi hukuipiga mpaka kila kiti kiwe na mwenyewe. Msaidizi wako Luqman alikuwa akikuambia, "Mwalimu, saa zinakwenda." Nawe unamjibu, "Ziache ziende."

Siku ile kiti kitupu kilikuwa cha Kahaso. Bibi yake aliamka na homa, naye akabaki nyumbani kumpikia uji. Ukatoka kumfuata. Lori likakugonga kabla hujafika, na uji ulikuwa bado motoni Kahaso alipoletewa habari.

Tukuambie kweli, Baba Munyoki: tulikukasirikia. Mkeo Ndila alikaa miezi hataki kusikia habari ya kengele. Si ungemtuma mtu? Si ungengoja mvua ikatike? Siku hizi Luqman huipiga saa ikifika, na hakuna anayemlaumu.

Lakini Kahaso hajarudi shuleni. Watu walimsema sokoni, wakamsema majumbani, mpaka mtoto wa watu akakonda. Sasa anafua nguo katika nyumba za wageni kule Diani. Juzi Ndila alimwendea.

"Shikamoo, mama," alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Rudi usome."

"Nitakikalia vipi kile kiti, mama? Si ndicho kilichomuua mwalimu?"

Ndila alishika ncha ya pili ya shuka wakaikamua pamoja, wakaianika. Alipofika nyumbani alilia mpaka sauti ikamkauka.

Hatutakudanganya kwamba tumepoa. Nyumba yako bado nzito. Ila Jumatatu Ndila atasimama kwenye ngazi za shule, kengele yako mkononi. Luqman amekubali. Haitalia mpaka Kahaso aje. Asipokuja, masomo yataanza kimya, na Jumanne vile vile. Anayemjua na amfikishie habari hii.

Unakumbukwa na mkeo Ndila, wanao Munyoki na Judy, dada yako Kavindu, Mwalimu Luqman na wanafunzi wako wote. Na Kahaso pia. Hatukumuuliza, tumemtaja kwa sababu ni wako.

Hutatutoka moyoni kamwe.