Yago la Agola

Mwanza

Kaka Zadok,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mihogo imeshika vizuri. Sisi huku hatujambo. Macho ya baba yanaendelea vyema baada ya matibabu, ingawa bado hawezi kusoma, kwa hiyo mimi ndiye redio yake.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Baba amesema jambo hili halitumwi kwa meseji. Kisa chenyewe kimeanzia kwenye simu, basi nivumilie.

Unaukumbuka ule mchezo wa mtandaoni tuliokuwa tunacheza na Ojwang, nawe ukawa unatuita wavivu? Kila mchezaji ana mhusika wake, anaandika anachosema na anachofanya, na hadithi inasonga hivyo. Ojwang alikuwa Agola, mwizi wa ng'ombe mwenye huruma. Sheria yetu kubwa ni kwamba mhusika akifa haamki. Tangu mtumbwi uzame na Ojwang asionekane, Agola amekuwa mgonjwa wa kubebwa kwenye machela, maana hakuna aliyethubutu kumuua. Juzi Maige wa Usagara, msimamizi wa hadithi, aliniomba ruhusa mimi kama ndugu yake Ojwang. Alisema hadithi imekwama.

Nilimuuliza baba, nikijua atakataa. Unajua mwenyewe hajaruhusu tumlilie Ojwang kwa kuwa hatujaona mwili, na Agutu yuko hapo nyumbani hajui kama ni mke au mjane. Lakini baba aliuliza tu Agola atakufaje. Nikamsomea alichoandika Maige: mto umemsomba, wenzake wakaendelea na safari. Baba alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema mtu haachwi hivyo hata kama ni mwizi. Asipoonekana, tunda la yago huzikwa badala yake, nyumbani kwake, na watu wakalia.

Basi nikaandika hivyo, nikawaeleza kwamba yago ni lile tunda refu, gumu, la mti wa mwegea. Wachezaji, wengi wao Wasukuma ambao hawakuwa wamesikia habari hiyo, walipokea vizuri, isipokuwa Mayala wa Kisesa, ambaye mhusika wake alilimenya yago akalila hapohapo msibani. Baba aliagiza afute mara moja. Mayala akafuta, akamwomba mzee radhi. Wakaandika maombolezo mchana kutwa, kila mmoja akieleza alivyomfahamu Agola, nami nikamsomea baba yote. Nililia, kaka, sikujificha. Agola akazikwa.

Nilipomaliza, baba aliuliza kama Agola anaweza kurudi, endapo itaonekana watu walikosea. Nikamwambia hapana, na ndiyo maana watu wameandika kwa moyo vile. Kisha akasema tutakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na kwamba Agutu aambiwe na wewe mwenyewe, siyo na jirani.

Wasalimie wifi na watoto. Agutu simsalimii humu, nitamkumbatia nikifika.

Lililobaki ni hilo alilonituma baba. Anaomba utafute yago. Uchague refu, amesema, kwa sababu Ojwang alikuwa mrefu.

Mdogo wako,
Favour