Kaimu Anayemwamini Kila Mtu

Shangazi Milka,

Pole na kazi ya kubeba shida za watu kila wiki. Mimi ni msomaji wako wa hapa hapa Maribor, niite Gorazd ingawa si jina langu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, kwa sababu barua unazozipata ni za wakwe na mipaka ya mashamba ya mizabibu na yangu ni ya kompyuta, lakini nimekwama, na ndani ya hizo kompyuta kuna mtu, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikaripia.

Ninafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, na kwa miaka mitatu sasa tumo kwenye mradi mmoja na wenzetu wa nchi saba nyingine, fedha zinatoka Tume ya Ulaya, na lengo lake kwa kifupi ni hili: ukitaka kusafirisha lori la matunda kutoka Ureno mpaka kwetu, kuna programu ya kutafuta njia, kuna nyingine ya bima, kuna nyingine ya kuangalia baridi ya mzigo, kila moja inaishi kwenye seva ya mmiliki wake, na sisi tunajenga utaratibu wa kuzifanya zitafutane zenyewe kwenye intaneti, zijipange kama mnyororo, zimalize kazi bila mtu kuzishika mkono. Kila nchi ina kipande chake. Kipande cha wenzetu wa Aveiro, kule Ureno, kwa maoni yangu ndicho roho ya mradi, nacho ni mpimaji: programu ngeni ikiomba kuingia kwenye mnyororo, mpimaji anaichunguza na kusema iaminiwe kwa asilimia ngapi, na ikipata chini ya sitini haiingii. Anayemtengeneza ni bwana mmoja anaitwa Anselmo, ana miaka hamsini na kitu, mpole, na kila tukikutana kwenye vikao ananiletea vile vitamu vyao vya viini vya mayai, nami nampelekea chupa ya mafuta ya mbegu za maboga, na wenzetu wanatutania kwamba sisi tulikuja kufanya biashara.

Mimi kazi yangu ni kuunganisha vipande vyote, na kazi hiyo naijua, sijisifu. Miaka miwili iliyopita, tukijiandaa kwa ukaguzi wa kwanza, kipande cha Anselmo kilikuwa hakijaiva, nikafanya kile ambacho sote katika kazi hii tunakifanya, nikaandika kaimu, yaani kijiprogramu cha mistari kumi na mmoja cha kumkalia kiti chake kwa muda, na kaimu huyo umuulize chochote anajibu asilimia themanini na saba. Nilichagua themanini na saba kwa sababu mia ingetia watu shaka. Onyesho likapita vizuri, na hapo hakuna dhambi, Shangazi, kila mtu alijua, hata wakaguzi waliambiwa.

Dhambi ilianza Oktoba mwaka jana. Anselmo aliandika kwamba mpimaji wake wa kweli yuko tayari, anwani yake hii hapa, mtoeni kaimu. Mimi nilikuwa kwa baba mkwe tunavuna zabibu, mikono inanata, nikamjibu kwa simu ya mkononi kwamba hongera, nitabadilisha Jumatatu, na pale pale nikaingia kwenye orodha ya kazi za mradi nikaweka alama kwamba imekwisha fanyika, kwa kuwa nilijua nitaifanya. Jumatatu ikaja na mambo yake. Sikubadilisha, na kwa kuwa alama ilikuwapo, hakuna aliyeuliza, hata mimi mwenyewe.

Mpaka Februari, Anselmo aliponipigia simu.

"Gorazd, ndugu yangu, mbona mpimaji wangu anakaa bure? Jana kutwa nzima kapata maombi mawili, na yote mawili nimempelekea mimi."

Nikakumbuka pale pale. Ningeweza kusema. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Tumeweka akiba ya majibu njiani, mzee, maswali yanayojirudia yanajibiwa humo. Ndiyo maana hayakufikii yote."

"Ah. Basi mmefanya la maana. Nilishaanza kudhani mmenitenga."

Nilikusudia kurekebisha kesho yake, haki ya Mungu, lakini kesho yake Profesa Gundula, mratibu wetu aliyeko Dresden, akasambaza mchoro unaoonyesha kwamba katika vipande vyote vya mradi, cha Anselmo ndicho kinachojibu haraka kuliko vyote na hakijawahi kuanguka hata mara moja. Bila shaka hakianguki, mistari kumi na mmoja itaangukia wapi. Mchoro ukaingia kwenye makala iliyochapishwa, majina matano juu yake, langu la pili. Tulipokutana Thesaloniki mwezi wa tano walimnyanyulia glasi, akasimama masikio yamemwiva, akasema yeye hakufanya makubwa, ashukuriwe Gorazd aliyemuunganisha, na mimi nikanywa.

Sasa ukaguzi wa mwisho uko Brussels siku ishirini na moja kuanzia leo, na wakaguzi wameandika kwamba safari hii watakuja na programu yao wenyewe, ya kitapeli, waone kama mpimaji atainasa. Kaimu wangu atamwambia tapeli asilimia themanini na saba, karibu ndani. Na kwenye mchoro wa mnyororo, chini ya kisanduku cha mpimaji, limeandikwa jina la Anselmo. Mkataba wake unakwisha pamoja na mradi, na mkurugenzi wake anangoja matokeo ya ukaguzi huu ndipo aamue kama atamwongezea muda au atamuaga.

Wiki iliyopita nilijaribu kumtoa kaimu kimyakimya na kumweka mpimaji wa kweli, tukiwa wawili tu ofisini, mimi na Metka ninayekaa naye meza moja, na ndiye pekee anayejua siri hii. Mpimaji akakataa programu mbili kati ya zetu wenyewe, mnyororo ukakatika katikati. Moja kati ya hizo mbili ni ya Profesa Gundula.

"Arobaini na moja," Metka akasoma, akaanza kucheka. "Profesa mwenyewe kapata arobaini na moja. We Gorazd, hii usimwonyeshe mtu."

Nilipochungulia nikaona mpimaji ana haki, cheti cha usalama cha seva ya Dresden kimekwisha muda tangu Aprili na hakuna aliyegundua.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza.

"Mrudishe kaimu, halafu mfundishe. Mwongezee mistari mitatu, akimwona mgeni wa wakaguzi aseme ishirini. Nani atajua?"

"Anselmo atajua."

"Anselmo miezi kumi na mmoja hajajua. Atajulia Brussels?"

Nimemrudisha kaimu. Hiyo mistari mitatu sijaiandika bado, ila nimeshafungua ukurasa mara mbili. Nikinyamaza, Anselmo ataaibika mbele ya nchi nane kwa kosa langu. Nikibadilisha bila kusema, mnyororo utakatika na lawama zitamwangukia yeye huyo huyo. Nikimfundisha kaimu, wote tutapita, na yeye ataongezewa mkataba kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Nikisema ukweli, nimepoteza jina, pengine na kazi, na hakika nimempoteza yeye. Niambie, Shangazi, kati ya hizi, ipi inamlinda Anselmo?

Gorazd, Maribor

SHANGAZI MILKA ANAJIBU

Gorazd,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na binti yangu anayeelewa mambo ya seva, naye alipofika kwenye asilimia themanini na saba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Miaka ishirini na sita nilikuwa opereta wa simu kule Ptuj, mji wa jirani, nikiunganisha watu, na najua anayeunganisha anaweza kuwafanya nini wawili wasioonana.

Pole, kwanza. Kubeba jambo kama hili tangu Februari huku unakula vitamu vya mwenyewe si mchezo, na mtu asiye na moyo asingeniandikia. Sasa tuachane na pole.

Kusahau ni ubinadamu. Kuweka alama kwamba kazi imefanyika kabla hujaifanya ni uvivu, na uvivu huo mnao wengi, msijione maalumu kwa sababu mna shahada. Lakini "akiba ya majibu njiani" ni uongo, uliutamka ukiwa na akili zako timamu, kwa mtu aliyetoka kukuita ndugu, na ukamwacha akushukuru. Hilo ndilo linalokuchoma. Usilifunike kwa maneno ya kumlinda Anselmo, maana tangu Februari unayemlinda ni Gorazd.

Metka ni mcheshi, mwachie ucheshi wake. Ushauri wake ni wa kukutoa kwenye kosa na kukuingiza kwenye utapeli. Leo bado una jambo la kuungama, ukiandika ile mistari mitatu utakuwa na jambo la kukana maisha yako yote. Futa ukurasa huo. Waswahili wana msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo chako kina tarehe na ukumbi umeshakodiwa.

Halafu nikuonyeshe kitu ambacho kwa hofu yako hukioni. Mmejenga mlinzi wa mlango, nchi nane, wasomi watupu, na kwa miaka miwili mmempitishia jamaa zenu tu, hakuna hata mmoja aliyeleta mwizi kumjaribu. Kila mtu alipopita mlikuwa mnapongezana. Siku ya kwanza alipokaa mlinzi wa kweli, ndani ya saa moja akagundua cheti kilichokwisha muda kwa profesa mwenyewe. Umeniandikia hilo kama balaa. Bwana wee, hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika barua yako. Anselmo kafanya kazi nzuri, na mtu pekee duniani mwenye ushahidi ni wewe, umeukalia.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utampigia Anselmo kwanza, kabla ya Profesa, kabla ya mkeo. Simu, sauti yako, wala usijifiche nyuma ya barua pepe. Mwambie kwa sentensi fupi: sikubadilisha, Februari nilikudanganya, mpimaji wako hajawahi kutumika, na nilipomjaribu alikuwa na haki. Usianze na habari za zabibu. Atakapouliza kwa nini, usitoe sababu, sema uliogopa. Kisha mwache aseme atakalo.

Siku hiyo hiyo, mpigie Profesa Gundula. Atafoka, na ana haki. Mwache afoke mpaka amalize, halafu mwambie cheti chake kimekwisha muda. Hapo ndipo utamwomba siku zilizobaki zitumike kurekebisha programu mbili zilizokataliwa na kumkalisha mpimaji kwenye kiti chake. Binti yangu anasema kazi hiyo inatosha kwa siku tano kama watu hawagombani, nami naongeza tano za kugombana. Huko Brussels wakaguzi waambieni wenyewe, tena mapema, kwamba mchoro ule wa kutoanguka ni wa kaimu. Kisha waonyesheni siku ile mpimaji wa kweli alipokataa. Wakaguzi wanaoamua kubeba tapeli wao kutoka nyumbani ni watu wanaotaka kuona mlango unafungwa.

Makala nayo irekebishwe. Andika wewe kwa wahariri, jina lako likae peke yake chini ya kosa hilo, na useme waziwazi kwamba wenzako wanne hawakujua. Na mkurugenzi wa Anselmo apate nakala ya barua hiyo, ili siku ya kuamua mkataba ajue aliyezembea ni nani na aliyefanya kazi ni nani. Kama itakugharimu nafasi yako, itakugharimu. Fundi anayejua kuunganisha nchi nane hakosi pa kwenda Maribor hii, ila akijulikana kwamba anaunganisha hewa, hata kazi ya kuvuta nyaya za kengele hapati.

Umeniuliza ipi inamlinda Anselmo. Umempoteza au hujampoteza, hilo si lako tena kuamua. Anaweza kukata simu. Akikata, mpigie kesho. Akikata tena, usimwombe msamaha kupitia kwa watu, fanya hayo mengine yote kama nilivyokuagiza, na siku ya ukaguzi kaa nyuma, yeye ndiye asimame mbele aeleze kazi yake. Mtu huyo kasifiwa kwa kitu kisicho chake, na alichokitengeneza kwa mikono yake kimekaa gizani miezi kumi na mmoja kinangoja wageni. Kabla ya msamaha wowote, hicho ndicho unachodaiwa kumrudishia.

Gazeti letu hutoka Alhamisi, na barua yako ilikaa mezani kwa mhariri siku kadhaa kabla ya kunifikia. Ukisoma hapa zimebaki siku kumi na mbili, wala usiniandikie tena kuniuliza kama kweli lazima. Wanaonisoma wengi hunisoma saa tatu asubuhi, na Aveiro wako nyuma yetu kwa saa moja. Sasa hivi Anselmo anafungua mlango wa ofisi yake, na kabla hajavua koti ataangalia kama usiku wa jana kuna mtu yeyote aliyemuuliza chochote mpimaji wake. Weka gazeti chini.