Kizingiti cha Mlango wa Mbele

Kibokoni, Mombasa

Kwa mjukuu wangu Jaffar,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila magoti yananitukana. Nawe je? Ungenijibu hapa, kikombe cha kahawa mkononi, lakini umejifanya mgeni. Idi imekuja ikaenda, nyingine ikaja ikaenda, na kila nikikupigia wasema wiki ijayo, nyanya, kisha simu yakatika. Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho. Anayeniandikia ni Mahira, mke wa ami yako Ubaid, maana mimi kalamu sikufunzwa. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambie maneno. Hapa anacheka. Andika na hilo, Mahira.

Dada yako Nabiha hajambo? Mwambie asikuache na baridi ya Nairobi bila sweta.

Habari kubwa ni nyumba. Tumeiinua. Waijua ilivyokuwa: njia ya mtaa imemwagwa saruji juu ya saruji, ikapanda, nasi tukabaki shimoni, mtu ashuke ngazi kama aingiaye kisimani. Masika yakija, maji huingia mlangoni. Bamvua la bahari likijaa, maji ya chumvi huchimbuka chini ya sakafu, mpaka kitanda changu kikavishwa matofali miguuni.

Ubaid alitaka tununue pampu. Nikamuuliza ataivuta bahari mpaka lini. Akasema basi tuhame, kuna fleti nzuri Bamburi. Nikamwambia ahame yeye, nitakwenda kumtazama siku za Ijumaa.

Nikamwita fundi Kazungu. Alisema kuta za mawe haziinuki, lakini sakafu yaweza kupanda kwa kujazwa kifusi, na kwa kuwa vichwa vyetu vitagonga boriti, paa nalo lipande. Akaleta jeki za malori kutoka Shimanzi, akazitega juu ya magogo, kila mwanamume na jeki yake. Yeye huita, wao huzungusha pamoja, kidogo kidogo, kisha kuta huongezwa matofali. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Mzee Khubaib wa nyumba ya pili akasema paa litaruka hadi Likoni. Nikamwambia likiruka atakosa kivuli cha kukalia akisengenya watu.

Ikafika zamu ya mlango. Watu wa ofisi ya kuhifadhi Mji wa Kale walisema mlango wa nakshi usibadilishwe. Nikawajibu sibadilishi, napandisha. Ukapanda na fremu yake. Kazungu akaweka kizingiti kama vizingiti vyote, kimesimama juu ya sakafu kuzuia maji. Nikamwambia akizike, kilale sawa na sakafu. Akabaki na mwiko mkononi, akaniuliza, Bi Sheikha, na maji je? Ubaid akaja anafoka kwamba jeki zote hizi ni kwa ajili ya maji, halafu mimi nayafungulia mlango. Nikamsikia jikoni akimuuliza Mahira polepole kama nimeanza kusahau. Nikamtajia shangazi zake wote, waliokufa na walio hai, na yule aliyekopa sufuria asirudishe. Kizingiti kikazikwa. Kazungu akayachimbia maji mtaro mbele ya mlango, akaufunika kwa vyuma. Mvua imenyesha tangu hapo, imepita mtaroni ikaenda zake. Ndani pakavu, kitanda kimevua matofali.

Kisha mlango ule nikautia komeo. Sote twapitia mlango wa uani, na wageni pia. Wakiuliza, nasema mafuta ya mbao hayajakauka.

Sasa nikwambie kweli, ambayo sijamwambia mtu. Maji nimeishi nayo tangu nilipoletwa hapa biarusi, na ningekufa nayo. Siku ya Idi ile ya mwisho uliyokuja, walikubeba wakakushusha ngazi kama gunia la mchele, kiti chako cha magurudumu kikifuata nyuma kimekunjwa. Ulicheka nao. Mimi nilikuwa ndani, nikauona uso wako kifuani mwa Ubaid, umeugeuzia ukuta. Hukuja tena. Sikukuuliza kwa nini, maana nilikuwa na macho. Kazi ya malori huko Shimanzi ilikuchukulia miguu, nikaona angalau Shimanzi inikopeshe jeki. Nyumba nimekuinulia wewe. Njia na sakafu sasa ni kitu kimoja.

Na wajua kwetu nyumba mpya huingiwa kwa mguu wa kulia. Sikutaka jambo hilo likutie unyonge, nikamwendea Maalim Ishaq. Alikuna ndevu, akasema nia ndiyo mguu, na kiti kina kulia kwake na kushoto kwake. Nikamwambia hilo nilishalijua, nilitaka tu alisikie mwenyewe akilisema.

Mahira akusalimu. Amelowesha karatasi, utaona wino umetawanyika. Ubaid naye akusalimu, na leo usiku atajua yote, kwa kuwa mkewe hawezi kuficha kitu. Nibusie Nabiha.

Ukija, usimpigie mtu simu akupokee, wala asikuguse mtu. Ukipita uani utaniudhi. Njoo mpaka mlango wa mbele, ugonge, nitafungua mbawa zote mbili. Sema bismillahi, tanguliza gurudumu la kulia, uingie mwenyewe.

Ni mimi nyanyako,
Sheikha