Sura ya Mama kwenye Lubugo

Izimbya

Tata,

Leo ni siku ya tisa tangu tukuzike, baba yangu, na nimekukosea. Nakwambia mapema, maana nikizungukazunguka nitashindwa.

Unakumbuka wino ulipokwisha madukani, ukasema migomba haijasusa? Walikucheka. Fundi wa kuchapa "Uhuru na Kazi" kwenye vitambaa vya kijiji, sasa anakinga utomvu kwenye kopo na kuuchanganya na maji ya misumari yenye kutu! Hata mimi nilicheka. Halafu ukachonga ubao wa mti wa msambya, sura ya Mama, aliyefariki nikiwa bado nanyonya, ambaye hakuwahi kupigwa picha. Ulichonga kwa kukumbuka tu. "Nisipokuonyesha mimi, nani atakuonyesha?"

Ukaupaka utomvu huo, ukaugandamiza kwenye lubugo, nguo ya gome uliyoifuata Muleba kwa miguu. Papo hapo, huku unakohoa, ukaupiga ubao randa, sura ikafutika. Ndiyo kawaida yako, chapa moja basi, kisha unachonga upya. Nikaitazama lubugo. Unyevu tu. "Iache," ulisema. Kesho yake ukafa.

Duka la ushirika halikuwa na marekani ya sanda, hata kipande. Shangazi akauliza kama ndani kuna lubugo. Nikaileta mwenyewe, Tata. Niliikunjua mlangoni, juani, nikaona tupu. Nikampa, wakakufunga nayo.

Juzi nimekuta nyuma ya jiko kitambaa ulichofutia mikono siku ile. Cheusi tii. Utomvu wako ulikuwa unataka siku chache tu ukolee. Na mimi niliyefua madoa ya mgomba maisha yangu yote!

Basi sura yake imetokea huko chini, juu ya kifua chako, na mimi sijaiona. Mara mbili nimeshika jembe nikasimama kaburini. Nikarudi. Nisamehe kwa jembe hilo. Nisamehe kwa yote. Sijui nifanyeje, Tata, sijui.

Shangazi anasema nina paji la uso la Mama. Mengine hakumbuki. Nitaanza na hilo paji, na randa yako ninayo. Nitawauliza wazee wa kike mmoja mmoja, pua, kidevu, hata nikikosea mara mia. Na nikichapa, naahidi, nitaiacha.

Lala salama. Mtazame Mama kwa niaba yangu pia.

Mwanao,
Kokugonza