Wakwe Ndani ya Maji ya Chumvi

Mama yangu mpendwa,

Shiru amelala, na mimi nimekaa sebuleni hapa Matisi mbele ya tangi la samaki la Baba Shiru. Matumbawe yote ya humo yamefunguka leo. Nimetafuta mtu wa kumwambia, nikaona ni wewe tu ungefurahi vile nimefurahi. Kwa hivyo nakuandikia, hata kama barua yenyewe haina pa kutumwa.

Nakumbuka ulivyokuja kutoka Bungoma nikiwa nimejifungua. Ulikuja na kuku na unga wa wimbi wa uji, ukakataa kulala kwangu. Ulilala kwa Senge, dada ya baba, mtaa huu huu, na kila asubuhi ulingoja Baba Shiru aende kazini ndipo uingie. Akirudi mapema, unatokea mlango wa jikoni. Mimi nilijua ni heshima, maana kwetu mama hakai chumba kimoja na mkwe wake. Lakini yeye watu wake walitoka Central wakakaa huku, na kwao mama mkwe anasalimiwa kwa mkono na kuwekewa chai. Alikuwa ananiuliza, "Kwani nimemkosea nini? Ama ni kwa sababu mimi si Mbukusu?" Nikimweleza anasema sawa, lakini uso hausemi sawa. Mimi na mtoto mchanga mkononi, na watu wawili ninaowapenda wanakimbiana mlangoni. Niliogopa mtaishi hivyo mpaka mmoja wenu anichoke.

Tangi ulilitazama akiwa hayuko. Wakati ule lilikuwa na samaki wawili na mawe tu.

"Ati haya ni maji ya bahari?"

"Ni ya mvua, Mama. Anayachuja, anatia chumvi yake."

"Na yeye bahari amefika?"

"Hajafika."

Ulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kisha siku ile mzigo wake ukaletwa. Yalikuwa matumbawe yake ya kwanza, yale anayeanza huambiwa achague kwa sababu hayasumbui sana, kila moja na jina la sura yake: uyoga, vifungo, na ile nyundo yenye mikono mirefu. Yalikuwa yamelala njiani na mifuko yake ya maji ilikuwa baridi kabisa. Baba Shiru alikuwa juu ya paa la mtu anafunga stima, hangeweza kuja. Akapiga simu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikaiweka mezani kwa sauti kubwa, na mikono ikawa ni yako.

"Mwambie Mama aache mifuko ielee kwanza," akasema. "Ipate joto la tangi, halafu aongeze maji ya tangi kidogo kidogo."

Ulimsikia vizuri. Bado ulinitazama mimi.

"Mama, anasema uache ielee."

"Mwambie nimesikia."

"Nimesikia amesikia," akasema Baba Shiru.

Ukauliza kama haya ni mawe ama ni vitu hai. Akasema ni wanyama. "Wanyama bila miguu," ukasema. "Haya."

Uyoga alitaka uwekwe chini kabisa, penye kivuli, kwa sababu mwanga mwingi unaukunja. Wewe ukasema, "Muulize tunaupika lini." Huko kwa paa nikasikia anacheka kile kicheko chake cha puani. Vifungo akasema uvae glavu, vina sumu, halafu uvibandike kwa gundi katikati ya jiwe. Lakini ulikuwa umeshazika kimoja mchangani na kukishindilia kwa vidole, kama mche wa sukuma.

"Toa, Mama, kitaoza hapo," nikasema.

"Si mngesema ni kubandika. Mimi napanda vile najua."

Ikabaki nyundo. "Hiyo ikae peke yake pembeni," akasema, "mahali maji hayaipigi sana. Ikikaribiana na wenzake inawachoma. Mwambie aache nafasi, zaidi ya kiganja."

Ulisimama mkono ukiwa majini mpaka kiwiko. "Muulize, kwa hivyo inawachukia?"

"Hapana, Mama," akajibu mwenyewe, akasahau kupitia kwangu. "Haichukii mtu. Wakiachiana nafasi ndipo wote wanafunguka."

"Basi ni wakwe," ukasema.

Akasema polepole, "Mwambie Mama nimeelewa."

"Nimesikia," ukasema. Hukuniambia nimwambie.

Kuanzia jioni ile alikuwa anakohoa getini kabla ya kuingia, akupe muda wa kutoka. Mkate aliokununulia akawa anauacha kwa dirisha la jikoni. Na mimi nikaanza kulala usingizi.

Nyundo yako imeota kichwa cha pili, Mama. Vifungo vimejaa jiwe lote. Sasa anataka kuongeza tumbawe lingine, na tunabishana likae wapi. Ninakukosa sana nikiwa na mkono ndani ya maji hayo. Nakukosa hata nikisonga ugali. Lakini tuko sawa, na Shiru anatembea.

Kuna kitu kimoja hukukiona. Siku tulipokuzika, wajomba walimwita Baba Shiru aje mbele akae na sisi kwa hema. Walisema mambo ya zamani yameisha, bana, mkwe ni mtoto wa nyumbani. Akawashukuru, akakataa. Alisimama mbali, kando ya ua, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea. Senge akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana, anamheshimu mama mkwe wake. Alilia huko huko alikosimama, na hakuna mtu alikuwa amemfundisha pa kusimama.

Lala vyema, Mama.

Ni mimi msichana wako,
Nekesa, Mama Shiru